Mhariri, huyu Fontes tumpime kwa foleni siyo kwa hotuba

Ndugu Mhariri,

Salaam kwako na kwa wasomaji wote. Naandika kutoka Phoenix, Arizona, na naandika mapema ili barua hii ikitoka iwakute watu bado wana muda wa kufanya kitu, maana uchaguzi wetu ni tarehe 8 Novemba 2022 na naona kwenye magrupu yetu ya WhatsApp maneno yote ni ya ugavana, Katie Hobbs na Kari Lake asubuhi mpaka usiku, wengine useneta, Mark Kelly na Blake Masters, lakini nafasi ya Katibu wa Jimbo, anayoigombea huyu Fontes, watu wanairuka tu, wanadhani ni karani wa kugonga mihuri. Mimi hiyo ndo nafasi inayoninyima usingizi mwaka huu, naomba nieleze kwa nini.

Katibu wa Jimbo wa Arizona ndo mkuu wa uchaguzi wa jimbo zima. Yeye ndo anaandika ule mwongozo wa taratibu za uchaguzi ambao kaunti zote 15 zinatakiwa kuufuata, na gavana na mwanasheria mkuu wa jimbo wakishaupitisha unakuwa na nguvu ya sheria. Anaidhinisha mashine za kuhesabia, anasimamia daftari la jimbo, anaweka saini kwenye matokeo ya mwisho. Halafu kuna jambo wengi wetu hatulijui, Arizona haina naibu gavana, yaani gavana akiondoka katikati ya muhula Katibu wa Jimbo ndo anakalia kile kiti, na imeshatokea, mwaka 1988 Evan Mecham aliondolewa madarakani akaingia Rose Mofford, na 2009 Janet Napolitano alipoitwa na Obama kwenda Washington kuwa waziri wa usalama wa ndani akaingia Jan Brewer. Sasa nafasi ya namna hiyo unairukaje?

Wanaoigombea ni wawili, Adrian Fontes wa Democratic na Mark Finchem wa Republican. Fontes ni mzaliwa wa Nogales kule mpakani, aliwahi kuwa mwanajeshi wa Marine, ni mwanasheria, na kampeni yake yote inazunguka jambo moja, kwamba kila raia mwenye haki ya kupiga kura aweze kuipiga bila kusumbuliwa. Ni maneno mazuri. Lakini jamani maneno mazuri kila mgombea anayo, sisi tunatoka kwenye nchi ambazo tumesikia maneno mazuri mpaka tumechoka. Kinachomtofautisha huyu ni kwamba kazi yenyewe alishaishika kwa mikono yake, alikuwa Rekoda wa Kaunti ya Maricopa kuanzia Januari 2017 mpaka mwanzoni mwa 2021, kwa hiyo hatuna sababu ya kubahatisha, rekodi yake ipo, tuifungue tuisome yote, pazuri na pabaya.

Kwa wasomaji walioko mbali, Rekoda ni afisa anayechaguliwa na wananchi wa kaunti, anatunza hati za ardhi na nyumba, na vilevile ndo mwenye daftari la wapigakura na kura zote za posta zinapita mikononi mwake. Na Maricopa siyo kaunti ndogo, ni Phoenix, Mesa, Glendale, Tempe na miji mingine mingi, watu zaidi ya milioni 4, zaidi ya nusu ya wapigakura wa Arizona wanaishi humo. Ukiharibu uchaguzi wa Maricopa umeharibu wa jimbo.

Na uliwahi kuharibika kweli. Tarehe 22 Machi 2016 ilikuwa siku ya kuchagua wagombea urais ndani ya vyama, na kaunti iliamua kufungua vituo 60 tu kwa kaunti nzima wakati 2012 vilikuwa kama 200. Sababu waliyotoa ilikuwa kubana matumizi, wakasema watu wengi siku hizi wanapiga kwa posta. Matokeo yake watu walisimama kwenye foleni hata masaa matano, wazee, akina mama na watoto mgongoni, wafanyakazi waliotoroka zamu, vituo vilitakiwa kufunga saa moja jioni lakini kwa kuwa sheria inasema ukiwa kwenye foleni muda ukifika unaruhusiwa kumaliza, kuna watu walipiga kura imepita saa sita usiku. Meya wa Phoenix wa wakati huo, Greg Stanton, aliiandikia Wizara ya Sheria ya Marekani kutaka uchunguzi, akaonyesha kwamba kwa wastani kila kituo kilibebeshwa wapigakura 21,000. Elfu ishirini na moja! Rekoda wa wakati huo, Helen Purcell, aliyekuwa amekaa kwenye kiti tangu uchaguzi wa 1988, alipoulizwa na waandishi nani alaumiwe akaanza kwa kuwataja wapigakura wenyewe kwa kujipanga foleni, ndo akafuatia ofisi yake kutoweka vituo vya kutosha. Baadaye aliomba radhi, hilo nimpe haki yake, lakini waliokata tamaa wakarudi nyumbani bila kupiga radhi hiyo haiwarudishii kura.

Wasomaji wengi hawajui hili lilitokeaje kisheria, na mimi nadhani hapa ndo penyewe. Tangu 1975 Arizona ilikuwa kwenye orodha ya majimbo ambayo chini ya Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya 1965 hayakuweza kubadilisha chochote cha uchaguzi, hata kuhamisha kituo kimoja, bila kupata kibali cha serikali kuu kwanza, kwa sababu ya historia ya kuwabagua Wahindi Wekundu na watu wa Kilatino. Tarehe 25 Juni 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani kwenye kesi ya Shelby County ikaifuta ile fomula ya kuamua ni majimbo gani yanahitaji kibali, basi mlinzi akaondoka mlangoni. Uchaguzi wa 2016 ulikuwa wa kwanza wa urais baada ya hapo. Hakuna aliyehitaji kuomba ruhusa ya mtu kukata vituo kutoka 200 kuja 60, waliamua tu wakakata. Ndo maana nasema haki ya kura siku hizi inategemea sana ni nani amekaa kwenye kiti cha kaunti na cha jimbo, kwa sababu yule wa juu aliyekuwa anakagua hayupo tena.

Fontes aliingia kwenye kinyang'anyiro kwa hasira ya zile foleni, na Novemba 2016 akamshinda Purcell, jambo ambalo wengi hawakulitarajia.

Sasa alifanya nini akiwa ndani? Kikubwa kuliko vyote kwangu ni kuipeleka kaunti kwenye vituo vya kupigia popote. Zamani ulikuwa na kituo chako kimoja tu kutokana na mtaa unaoishi, na Arizona ina sheria kali kwamba ukipiga kura kwenye kituo kisicho chako kura yako inatupwa nzima nzima, siyo ile sehemu ya diwani tu ambayo pengine haikuhusu, hata ya rais inatupwa. Watu wanaopanga na kuhama kila mkataba ukiisha ndo walioumia zaidi, na sisi watu wa kwetu ndo hao hao, leo uko Glendale mwakani uko Mesa. Sheria hiyo ilipelekwa mpaka Mahakama ya Juu, na Julai 2021 kwenye kesi ya Brnovich majaji sita kwa watatu wakasema ibaki. Lakini kwa Maricopa ilikuwa imeshapungua makali, kwa sababu kufikia Novemba 2020 kulikuwa na vituo takriban 175 ambavyo mtu yeyote wa kaunti angeweza kuingia chochote kati ya hivyo, mashine ikamtambua na kumchapia karatasi ya mtaa wake pale pale, na baadhi vilifunguliwa wiki kadhaa kabla. Mtu anafanya kazi ghala la Tolleson na anaishi Mesa, anapiga kura karibu na kazini anaendelea na zamu yake. Hiyo ndo maana ya kurahisisha kura, hakuna kesi iliyoshinda wala sheria iliyobadilika, kuna afisa aliyekaa chini akafikiria mtu anatoka kazini saa ngapi.

Akaongeza ile huduma ya kupata ujumbe kwenye simu ukikuambia karatasi yako imetumwa, imepokelewa, saini imekubaliwa, imehesabiwa. Kwa watu kama sisi ambao kwenye damu yetu tuna wasiwasi kura ikiingia kwenye boksi inaenda wapi, ule ujumbe mfupi ni dawa.

Na kuna lingine halisemwi sana. Tangu wananchi walipopitisha kwa kura ile hoja ya Prop 200 mwaka 2004 Arizona inataka ushahidi wa uraia ukijiandikisha. Ikawa hivi, mtu akitumia fomu ya serikali kuu bila ushahidi anaruhusiwa angalau kupigia rais na wabunge wa Washington, lakini mtu yule yule akitumia fomu ya jimbo bila ushahidi anakataliwa kabisa, hapati hata hicho kidogo. Fomu mbili, raia mmoja, majibu mawili. Mashirika yakashtaki Katibu wa Jimbo wa wakati huo na ofisi ya Fontes pia, na Juni 2018 kesi ikaisha kwa makubaliano mbele ya mahakama kwamba fomu zote zitendewe sawa na kaunti ziangalie kwanza kwenye kumbukumbu za leseni za udereva kama ushahidi upo kabla ya kumkatalia mtu. Ofisi yake ilikuwa upande wa mshtakiwa lakini ilikaa mezani ikakubali kurekebisha, kwangu hiyo ni alama njema.

Haya, pabaya napo pasemwe maana hii siyo kampeni ya kupamba. Agosti 2018, uchaguzi wa mchujo, asubuhi saa kumi na mbili vituo 62 havikuwa tayari kwa sababu mashine za kuwatambua wapigakura hazijafungwa, kazi hiyo ilikuwa imepewa kampuni ya nje, Fontes akailaumu kampuni, kampuni nayo ikawa na maneno yake, cha mwisho kilifunguka inakaribia saa sita mchana. Kwa mtu aliyeingia madarakani kwa sababu ya foleni za mwenzake lile lilikuwa jambo zito, na mimi sikubali kabisa hoja ya kusema ni kosa la mkandarasi, mkandarasi alisimamiwa na nani? Mwaka uliofuata bodi ya kaunti ilichukua sehemu ya usimamizi wa siku ya uchaguzi kutoka ofisi yake, na kusema kweli walikuwa na sababu.

La pili ni Machi 2020, korona imeingia, kila mtu ana hofu, Fontes akatangaza kwamba atawatumia kura za posta wanachama wote wa Democratic ambao hawakuziomba, ili wasilazimike kwenda vituoni kwenye ule uchaguzi wa ndani wa tarehe 17. Mwanasheria mkuu wa jimbo, Mark Brnovich, akakimbilia mahakamani na jaji akalizuia hilo, kwa sababu sheria haikumpa Rekoda uwezo huo. Na mwaka huo huo alibadilisha maelekezo ya nini ufanye ukikosea kuweka alama kwenye karatasi, Mahakama ya Juu ya Arizona nayo ikamwambia hapana, hiyo siyo kazi yako kuibuni. Naelewa nia yake, nia ilikuwa njema kabisa, mimi mwenyewe wakati ule ningefurahi kuletewa kura nyumbani. Lakini mtu anayetaka kuandika mwongozo wa jimbo zima lazima ajue mwisho wa mamlaka yake ni wapi, kwa sababu leo mlango ukivukwa na mtu mwenye nia njema kesho atapita hapo hapo mtu mwenye nia mbaya na atasema mbona mwenzangu alivuka. Hilo ningependa alijibu waziwazi kabla sijafika kwenye kituo, siyo kulizunguka.

Lakini kuna kitu kimoja kuhusu Novemba 2020 ambacho kwangu kinafunika mengi. Uchaguzi ule uliopigiwa kelele dunia nzima, ambao Biden alishinda Arizona kwa kura 10,457, watu wenye silaha wakisimama nje ya jengo la kuhesabia kura kule Phoenix, Fontes mwenyewe alikuwa kwenye karatasi ile ile akigombea kurudi kwenye kiti chake. Na akashindwa. Alishindwa na Stephen Richer wa Republican kwa kura zisizofika 5,000 kati ya zaidi ya milioni 2 zilizopigwa kaunti nzima. Ofisi yake ndo ilikuwa inakagua saini, ndo inashughulikia bahasha, na hesabu ikatoka kwamba bosi ameanguka, na bosi akaondoka Januari akakabidhi funguo. Nyie mnaotoka tunakotoka mnajua uzito wa jambo hilo. Na huyo Richer aliyemwangusha, wa chama kingine, baada ya kuingia akatetea hadharani kwamba uchaguzi ule ulikuwa halali, hata pale maseneta wa chama chake walipoikodisha kampuni ya Cyber Ninjas kuhesabu upya kura za Maricopa mwaka 2021, hesabu ambayo mwisho wake bado ilimwonyesha Biden ameshinda.

Mshindani wake sasa. Mark Finchem ni mbunge wa bunge la jimbo, na tarehe 6 Januari 2021 alikuwepo Washington nje ya jengo la Capitol. Mwaka huu alipeleka bungeni azimio la kutaka matokeo ya 2020 ya kaunti tatu yafutwe, Maricopa, Pima na Yuma, na yeye na Kari Lake wakafungua kesi ya kutaka mashine zisitumike na kura zihesabiwe kwa mkono, jaji akaitupa mwezi Agosti. Kwenye mdahalo wa tarehe 22 Septemba alisema kura ya posta yeye haipendi ndo maana huenda kituoni, akaongeza kwamba uamuzi wa kuiondoa ni wa Bunge. Sawa, ni wa Bunge. Lakini mwaka 2020 zaidi ya asilimia 80 ya watu wa Arizona walipiga kabla ya siku yenyewe, wengi wao kwa posta, utaratibu ambao uko hapa tangu 1991. Mtu anayeomba kuwa msimamizi wa jambo ambalo wengi wa wananchi wake wanalitegemea na moyo wake haulitaki, mimi simwamini nalo. Simsemi vibaya kwa sababu ya chama, wako Warepublican wengi wa kaunti waliosimama imara 2020 na nawaheshimu sana.

Kwa hiyo kura yangu ni ya Fontes, nasema bila kuficha. Ila siyo kura ya bure, kuna mambo yanayotugusa sisi moja kwa moja ambayo sijamsikia akiyasema vya kutosha.

La kwanza ni hizi leseni zetu. Wengi tulipata leseni ya udereva tukiwa bado hatujawa raia, na kwenye mfumo wa jimbo leseni hiyo ina alama ya kwamba mwenye nayo ni mgeni. Umeapa, umepewa cheti cha uraia, umepiga picha na bendera, unaenda kujiandikisha na kuandika namba ya leseni, kaunti ikiangalia inaona mgeni, inakutumia barua ya kutaka ushahidi, barua ni ya Kiingereza, imefika anwani ya zamani, basi. Najitolea kusaidia watu kujaza fomu na hili ndo linalowaangusha kuliko yote, watu wazima wanakuja wakidhani wamefutwa kwa sababu ya majina yao. Dawa yake ipo, unaandika namba ya cheti cha uraia kwenye fomu ya jimbo, kuna nafasi yake kabisa, lakini nani amewaambia? Na gavana Ducey amesaini Machi mwaka huu sheria nyingine ya kuongeza ukaguzi wa uraia, Wizara ya Sheria imeipeleka mahakamani, tusipoangalia watakaobanwa wa kwanza ni sisi ambao kumbukumbu zetu za zamani zinasema wageni. Fontes anajua tatizo la kumbukumbu za leseni kuliko mgombea yeyote, alishalikalia kesi. Aseme atalifanyia nini kwenye mwongozo.

Halafu lugha. Sheria ya serikali kuu inalazimisha karatasi na maelezo kwa Kihispania na lugha za wenyeji wa asili na za Kiasia kwenye maeneo fulani, Kiswahili hakimo kwa sababu sheria haikutaja lugha za Afrika kabisa. Sawa, lakini sheria hiyo hiyo, kifungu cha 208, inasema mtu asiyeweza kusoma au kuandika, au asiyeona, au mlemavu, anaweza kuingia na mtu anayemchagua mwenyewe kumsaidia, mradi siyo mwajiri wake wala wakala wa mwajiri wala wa chama chake cha wafanyakazi. Bibi zetu wana haki ya kuingia na mjukuu. Wangapi wanajua? Wangapi kati ya wasimamizi wa vituo wanajua? Hiyo nayo ni kazi ya mwongozo na mafunzo, haihitaji sheria mpya.

Na jambo la kubeba bahasha, hili nawaomba sana mlisikie kwa sababu sisi ni watu wa kusaidiana. Tangu 2016 ni kosa kubwa la jinai Arizona kuchukua kura ya posta ya mtu mwingine iliyojazwa na kwenda kuipeleka, isipokuwa wewe ni ndugu wa familia, mnaishi nyumba moja, au ndo unayemhudumia. Jirani hapana. Mzee wa kanisa hapana, imamu hapana, hata kama nia ni kumwokoa mama asiyekuwa na gari. Kule San Luis kaunti ya Yuma wanawake wawili walishtakiwa kwa sababu ya kura nne tu za mchujo wa 2020. Mahakama ya Juu imeshasema sheria ibaki, kwa hiyo msibebe, mpeleke huyo mama mwenyewe na bahasha yake mkononi.

Na Fontes asisahau kwamba jimbo siyo Phoenix. Vituo 175 vya Maricopa havimsaidii Mnavajo, mwenyeji wa asili wa kaunti ya Apache, ambaye nyumba yake haina hata anwani ya mtaa na posta iko mbali, na barua yake inachukua siku nyingi kufika, wakati sheria inataka kura iwe imefika mikononi mwa kaunti saa moja jioni ya siku ya uchaguzi, siyo iwe imegongwa muhuri wa posta. Wapigakura wa Kinavajo walienda mahakamani 2020 kuomba muhuri wa posta utoshe, wakanyimwa. Aliyekuwa afisa wa kaunti moja tajiri ana la kujifunza kwa wenzake wa kaunti nyingine 14, na ningefurahi nikimwona kule kwa Wanavajo mara nyingi kuliko Scottsdale.

Mhariri, naomba mkipata nafasi mchape tarehe hizi kwa herufi kubwa. Mwisho wa kujiandikisha ni 11 Oktoba. Kura za mapema zinaanza 12 Oktoba. Mwisho wa kuomba karatasi ya posta ni 28 Oktoba. Bahasha iwe imefika kaunti kabla ya saa moja jioni tarehe 8 Novemba, na ukiona siku zimekaribia usiiweke posta, ipeleke kituoni kwa mkono. Weka saini nje ya bahasha, ile ile unayoweka kwenye leseni, ukisahau saini wana hadi muda wa kufunga vituo siku hiyo kukuita urekebishe, saini ikionekana tofauti una siku tano za kazi baada ya uchaguzi, kwa hiyo namba ya simu isiyo yako usiiandike. Na mkifika chini kwenye karatasi mtaiona Prop 309, inayotaka kila kura ya posta iandikwe tarehe ya kuzaliwa na namba ya leseni au tarakimu nne za mwisho za namba ya Social Security, msiipitie haraka, wako wazee wetu wengi ambao tarehe ya kuzaliwa waliyopewa kambini ni 1 Januari na nyingine iko kwenye karatasi nyingine, fikirieni hao kabla hamjaweka alama.

Wenu,
Msomaji, Phoenix, Arizona